Mkeka wa Timu Saba: Namna ya Kutazama Filamu ya Kamari na Mtu Anayebeti

Karibu kila familia ninayoijua hapa Dar es Salaam ina mtu mmoja ambaye Jumapili usiku haongei. Anakula bila kuitazama sahani. Simu kailaza kifudifudi kando ya bakuli la mchuzi, na mama akiuliza kuna nini, anajibu, “Hamna kitu.” Kitu kipo. Timu sita zimempa, ya saba imesawazishiwa dakika za nyongeza, mkeka wake wa kubeti umechanika, na kodi ya chumba imekwenda na mkeka.

Kwetu mtu huyo ni mdogo wangu wa mwisho. Tumezungumza naye kwa lugha zote tunazozijua. Baba alizungumza kwa ukali, mama kwa machozi, mjomba kwa kumlipia deni mara mbili. Kila mmoja alimjibu, “Nimeacha,” na kila alipolisema neno hilo alikuwa akiliamini. Siku aliyonyamaza kweli na kufikiri ni ile niliyomkalisha kwenye kochi mbele ya filamu ya saa mbili na robo. Hakujitetea, kwa sababu hakuna aliyemshtaki.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, tena kwa mtindo anaouelewa yeye: mkeka. Una timu saba, na kila timu ni hatua moja. Dau lake ni asubuhi moja ya maisha yako. Filamu ni *Uncut Gems*, yaani vito ambavyo bado havijachongwa, ya mwaka 2019, iliyoongozwa na ndugu wawili wa New York, Josh na Benny Safdie. Nitaieleza mpaka mwisho wake. Siku hiyo mtazamaji ni yeye. Wewe ni fundi, na fundi hufika akiwa anajua kilichomo ndani ya mashine.

Timu ya kwanza: Tafuta saa isiyo na mechi

Hii ndiyo timu ngumu kuliko zote, ndiyo maana nimeitanguliza. Jumamosi na Jumapili usiziguse. Jumatatu kuna kiporo, au mechi ya mwisho ya wiki kule Uingereza. Jumanne na Jumatano ni Ligi ya Mabingwa Ulaya. Alhamisi ni Europa. Ijumaa Wajerumani wanafungua wiki yao. Ukidhani umepata upenyo, kuna mpira wa kompyuta unaochezwa kila baada ya dakika chache, na kuna mchezo wa kubeti wa kindege kinachopaa usiku na mchana bila kuhitaji mchezaji wala refa.

Kwa hiyo acha kutafuta siku, tafuta saa. Sisi tulichagua Alhamisi, saa nne asubuhi. Saa hiyo Ulaya haichezi, uji umeshanywewa, na kichwa cha mtu hakijachoka. Asubuhi ina faida nyingine kubwa zaidi. Filamu hii inamtikisa mtu, na mtu aliyetikiswa hafai kuachwa usiku peke yake chumbani na simu. Ikiisha saa saba mchana, ana siku nzima mbele yake yenye watu, chakula na jua.

Timu ya pili: Simu ziingie kwenye sufuria

Chukua sufuria lenye mfuniko. Tia simu zote zilizomo ndani ya nyumba, na ya kwanza iwe yako. Ukichukua yake peke yake umemfanyia upekuzi, na mtu aliyepekuliwa hatazami filamu, anatazama mlango. Zizime kabisa, maana simu inayotetemeka ndani ya sufuria inasikika hadi kwa jirani. Kisha weka sufuria juu ya kabati.

Hatua hii utaielewa vizuri ukifika karibu na mwisho wa filamu. Shujaa wetu, Howard Ratner, anataka kuweka dau kubwa kuliko yote maishani mwake. Ni mwaka 2012, na sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ilikuwa imefunga mlango wa kubeti michezo karibu kila jimbo isipokuwa Nevada. Kwa hiyo Howard lazima ahangaike. Anamtupia mpenzi wake Julia mfuko wa fedha taslimu kupitia dirishani. Julia anapanda helikopta hadi kasino moja kule Connecticut, ambako ndani ya filamu dau linapokelewa, anaingia na mfuko wake, anasimama mbele ya dirisha la malipo. Hebu hesabu milango yote hiyo: mfuko, dirisha, helikopta, safari, foleni. Kila mlango ulikuwa nafasi ya mkono kusita.

Mdogo wangu hana mlango hata mmoja. Ana kidole gumba. M-Pesa ilizaliwa Kenya mwaka 2007 ikaingia kwetu mwaka uliofuata, na imetutendea wema usio na kifani: ada inafika kijijini kwa dakika moja, mgonjwa anatumiwa nauli usiku wa manane. Lakini barabara hiyohiyo inabeba dau saa nane za usiku, wakati ambapo hakuna wa kumuuliza mtu anakwenda wapi. Wamarekani nao wametufuata. Mei 2018 Mahakama ya Juu yao iliibatilisha ile sheria ya 1992, na leo kijana wa New Jersey anabeti kitandani kama kijana wa Mbagala.

Kwa hiyo usilidharau sufuria. Linarudisha umbali kati ya hamu na mkono, na umbali huo, hata wa kimo cha kabati tu, ndimo mtu anamopumulia.

Timu ya tatu: Mwambie ukweli kwa sentensi moja

Usimdanganye kwamba ni filamu ya kuchekesha. Kishawishi kipo, maana anayeigiza kama Howard ni Adam Sandler, ambaye dunia nzima ilizoea kumcheka. Sema hivi: “Ni filamu ya mtu anayebeti. Nataka tuitazame wote.” Nukta. Mtu aliyetegwa hukumbuka mtego na kusahau funzo.

Na zile methali ziache mlangoni. Usimwambie tamaa mbele mauti nyuma. Anaijua tangu darasa la tatu, na zaidi ya hapo haimhusu. Mwenye tamaa ya fedha akipata fedha huzishika. Mdogo wangu aliwahi kushinda laki nane Jumamosi, na Jumatatu alikuja kwangu kukopa nauli. Huyo hatafuti fedha. Anatafuta zile dakika tisini za kusubiri, na fedha ni tiketi tu ya kuingilia humo.

Nimeichagua filamu hii kati ya nyingi kwa sababu haina mhubiri. Hakuna daktari anayetoa somo, hakuna mzee wa busara. Ndugu hawa walikua wakisikia habari za mtaa wa masonara wa New York kutoka kwa baba yao, aliyefanya kazi humo, na wanampenda Howard kama mtu anavyompenda ndugu yake msumbufu. Upendo huo unaonekana, na anayebeti anauona haraka kuliko sisi.

Kama mtu wako ni wa kununua mikeka ya “uhakika” kwa watabiri wa kwenye simu, mwekee akiba filamu nyingine ya wiki ijayo, *Two for the Money* ya mwaka 2005. Humo Al Pacino ni Walter Abrams, mwenye biashara ya kuuza utabiri wa mechi. Yeye mwenyewe ni mraibu wa kamari aliyekuwa akihudhuria mikutano ya wanaojaribu kuacha, huku riziki yake ikitoka kwa wasioweza kuacha. Kijana wake wa kutabiri anapatia, anapatia, kisha siku moja anaanza kukosea, na wateja wanazama naye. Walter anauza maneno. Nyumba zinazouzwa ni za wateja.

Timu ya nne: Mwache amshangilie Howard

Filamu inaanzia barani kwetu, Ethiopia, kwenye mgodi wa Welo mwaka 2010. Mchimbaji mmoja ameumia vibaya mguu, wenzake wamezua vurugu, na katikati ya kelele hizo wawili wanachomoa kwenye mwamba jiwe la opali nyeusi. Muda si mrefu tuko New York, na jiwe lile lililotoka karibu na damu ya mtu liko mikononi mwa Howard, sonara anayeamini litamtoa kwenye madeni yake yote.

Na madeni anayo. Anadaiwa dola 100,000 na mtu anayeitwa Arno, na Arno si jambazi wa kichochoroni, ni shemeji yake. Kuna karamu ya Pasaka ya Kiyahudi ambapo ukoo mzima umekaa mezani, watoto wanakimbia huku na huku, na mdai yumo miongoni mwao anakula. Mdogo wangu alipofika hapo alijisogeza kwenye kochi. Sikumuuliza. Kwetu pia kuna shemeji anayemdai, na sote tulikula naye pilau Idi iliyopita.

Kisha anaingia Kevin Garnett, mchezaji halisi wa mpira wa kikapu, akiigiza kama yeye mwenyewe. Analipenda lile jiwe mpaka anaomba kulala nalo, na anaacha rehani pete yake ya ubingwa wa mwaka 2008. Howard anafanya nini na pete ya watu? Anaipeleka bondi, anachukua fedha, anambetia Garnett yuleyule mwenye pete.

Hapo mtu wako atacheka, atapiga paja, pengine atasimama. Mwache. Shangilia naye. Filamu imetengenezwa ili moyo uende mbio: watu wanazungumza kwa pamoja, mlango wa duka unalia bila kukoma, simu haziishi. Ndivyo kichwa chake kilivyo siku za mechi, na huenda hii ni mara ya kwanza wewe kukaa ndani yake. Wewe utachoka baada ya dakika arobaini. Yeye huishi humo kila wiki.

Usikose tukio la mchezo wa shule. Binti yake Howard yuko jukwaani, na baba katoka nje kidogo kuzungumza na wadai. Wanamvua nguo zote na kumfungia ndani ya buti la gari lake mwenyewe. Anayempigia simu aje kumfungulia ni mkewe, Dinah. Dinah anafungua, anamtazama. Itazame sura ya mwanamke yule. Kila nyumba yenye anayebeti ina mtu mwenye sura hiyo, na pengine siku hiyo ni wewe.

Timu ya tano: Simamisha filamu mara moja tu

Una ruhusa ya kusimamisha mara moja, na mahali pake ni hapa. Mkeka wa ile pete umeshinda. Howard anatembea kama mfalme. Kisha, kabla tu ya kumfungia ndani ya lile buti, Arno na vijana wake wanamkamata na kumweleza kwamba dau lile halikuwahi kuingia, kwa sababu Arno alilizuia. Timu zote zimempa na hana hata senti.

Mtu wako ataruka: “Alikuwa ameshinda! Alikuwa ameshinda huyu!” Bonyeza kitufe cha kusimamisha. Nenda kapashe chai.

Mkinywa chai, mweleze habari moja tu, kwa upole. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge wakiongozwa na Luke Clark waliwachezesha watu mashine ya kamari huku wakipiga picha za ubongo wao. Waliona kwamba kukosa kidogo kunaamsha sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi. Wachezaji walisema kukosa kidogo kunauma kuliko kukosa kabisa, lakini pale ambapo mtu alikuwa amejichagulia mwenyewe, kuliwaongezea hamu ya kucheza tena. Rudia maneno hayo: *amejichagulia mwenyewe*. Mkeka mtu huupanga mwenyewe, timu kwa timu, kwa ujuzi wake wa mpira. Ndiyo maana mkeka uliochanika kwa timu moja haumfundishi kuacha. Unamwambia amekaribia.

Sasa leta karatasi na kalamu, mpige hesabu pamoja, kalamu ikiwa mkononi mwake. Chukueni mechi ya odi 1.80, na tuseme nafasi halisi ya kutokea ni asilimia 52. Zidisha. Katika kila shilingi 100 anazoweka, kwa wastani zinarudi 93 na senti 60. Mwenye duka la kubeti amechukua sita na ushee, hapo hamna kelele. Sasa unganisheni mechi tano za namna hiyo. Odi inapanda hadi karibu 18.9 na inameremeta, lakini nafasi imeshuka chini ya asilimia nne: mkeka mmoja kati ya 26. Akiweka shilingi 1,000 mara 26, ametoa 26,000 na anategemea kurudishiwa kama 18,900. Zile sita na ushee zimekuwa 28 katika kila mia.

Fikeni timu kumi. Odi ni kama 357, elfu moja inageuka laki tatu na nusu, na ndiyo picha inayobandikwa kwenye matangazo. Nafasi yake ni moja katika 690 hivi, na mwenye duka anabaki na karibu nusu ya kila dau. Anayebeti huona odi zinavyozidishana. Hakuna anayemwonyesha kwamba sehemu ya mwenye duka nayo inazidishwa, kila timu anayoongeza.

Mdogo wangu aliirudia hesabu hiyo mara tatu. Hakusema kitu. Akaniambia, “Dada, endelea.”

Timu ya sita: Mwisho ukifika, nyamaza

Mechi ya mwisho ndani ya filamu ni mechi ya kweli. Ilichezwa tarehe 26 Mei 2012, mchezo wa saba kati ya Boston Celtics na Philadelphia 76ers. Garnett ameshalinunua lile jiwe kwa dola 165,000 taslimu, ziko mezani. Arno na vijana wake wako mlangoni kuchukua chao. Fedha hizo zingetosha kumlipa na kubaki na chenji nzuri. Ni wakati ambao ndugu yeyote anayempenda angepiga kelele: Lipa! Lipa sasa, uende nyumbani!

Anazipitisha dirishani. Mkeka wa mambo matatu: nani atapata mpira wa kwanza, pointi na ribaundi za Garnett, na Celtics kushinda. Duka lake lina milango miwili ya vioo yenye kujifunga, unaingia wa kwanza na kusubiri ufunguliwe wa pili. Howard anawafungia Arno na wenzake katikati, kama samaki kwenye tangi, na wote wanaitazama mechi.

Celtics walishinda 85 kwa 75, Garnett akapata pointi 18 na ribaundi 13. Mkeka umetiki wote. Zaidi ya dola milioni moja na laki mbili. Howard anabubujika furaha, anawafungulia mlango, na mmoja wa vijana wa Arno anampiga risasi ya uso.

Usiseme kitu. Zuia kiu ya kuhubiri. Acha majina ya waigizaji yapite yote. Dakika kumi za ukimya ni ndefu sana nyumbani kwetu, lakini zivumilie, kwa maana kuna sentensi inakuja na haitakiwi kukatwa. Mdogo wangu aliitoa polepole: “Lakini alishinda.”

Ndiyo. Alishinda. Hapo ndipo unapouliza swali moja tu ambalo asubuhi nzima umelitunza: “Asingepigwa risasi, angezifanyia nini zile fedha?”

Alitazama chini kwa muda. Kisha akasema, “Angeziweka tena.”

Miaka minne ya kumshauri, hakuna kati yetu aliyewahi kusema jambo la kweli kama hilo. Tulikuwa tunamlaumu kwa kupoteza, na yeye alikuwa anatuahidi kwamba akishinda kubwa moja ataacha. Sote tuliamini tatizo ni kukosa. Lakini ushindi haumtoi mtu kwenye kamari. Ushindi ndio unaomrudisha.

Kama ana nguvu bado, msimulie filamu nyingine kwa maneno mafupi. *Owning Mahowny* ya mwaka 2003 inatokana na kisa cha kweli cha mfanyakazi wa benki wa Toronto aliyechota zaidi ya dola milioni kumi kati ya 1980 na 1982, zote zikaishia kwenye kamari. Philip Seymour Hoffman anamwigiza kama mtu mpole, aliyevaa suti ya bei rahisi, ambaye akiwa kasinoni na utajiri mkononi anaagiza mbavu zisizo na mchuzi na soda ya Coke. Mwishoni mtaalamu wa saikolojia anamuuliza: kwa kipimo cha mia moja, raha ya kubeti ungeipa ngapi? Mia. Na raha kubwa kuliko zote uliyowahi kuipata nje ya kamari? Ishirini.

Muulize wako. Wangu alisema mia, kisha akafikiri sana juu ya ile ya pili. “Kama kumi na tano,” alisema. “Zamani, nilipokuwa nadaka.”

Timu ya saba: Iongeze ile ishirini

Miaka yote tulipambana na ile mia. Tulinyang'anya simu, tulificha fedha, tulikemea. Mia haishuki kwa kukemewa. Kazi ya ndugu ni kuipandisha ile nyingine.

Mdogo wangu aliwahi kuwa golikipa wa timu ya mtaa. Aliacha kwa sababu Jumapili asubuhi alikuwa akichambua mechi za jioni. Wiki ileile nilikwenda naye uwanjani, nikakaa kwenye tofali, na tangu hapo kila Jumapili kuna mtu wa familia anayekaa kwenye tofali lile. Mpira wa kudaka nao una kusubiri, una moyo kwenda mbio, una dakika za nyongeza. Tofauti ni kwamba mkono unaoamua ni wake.

Pamoja na hayo, fanyeni mambo haya kwa mpangilio. Aandike madeni yote kwenye karatasi moja, hata yale ya aibu. Achague mwenyewe mtu wa kumshikia fedha, na mtu huyo asiwe mkali. Aandikie kampuni zote alizojisajili kwamba akaunti zake zifungwe. Ajitoe kwenye makundi ya watabiri. Msimlipie deni kimyakimya kama mjomba alivyofanya, kwani deni lililolipwa gizani hugeuka mtaji. Msaidieni kulilipa kidogo kidogo, kwa jasho lake, macho ya watu yakiona.

Na mpelekeni hospitali bila kuona haya. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuweka uraibu wa kamari kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na Shirika la Afya Duniani linautambua kuwa ni ugonjwa. Hospitali kubwa za rufaa zina vitengo vya afya ya akili, ulizeni hapo. Siku akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, usimwache peke yake hata nusu saa. Nendeni usiku huohuo.

Siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, kusanyikeni mtazame bila dau la mtu yeyote, hata la soda. Mara ya kwanza alisema mechi ilikuwa ndefu na haina ladha. Mara ya pili alimrukia baba shingoni kwa bao la kusawazisha.

Mkeka ukichanika

Bibi yetu alikuwa akishona mikeka ya ukindu. Alichana ukindu, akautia rangi, akasuka ukili mrefu usioisha, kisha akauzungusha na kuushona kipande kwa kipande. Mkeka ule ukichanika hakuutupa. Aliukunjua mapajani, akatafuta ncha mbili zinazoachana, akazishika pamoja, akatia sindano. Kuna mkeka nyumbani kwetu wenye viraka vingi kuliko umri wangu, na bado tunaulalia.

Ule mkeka wa kwenye simu ni kinyume chake: timu moja ikikosa, zote zimekufa. Kwa hiyo nakuomba usiutumie mwongozo huu kwa sheria za kampuni. Utumie kwa sheria za bibi. Timu moja ikishindwa, sita bado ziko hai, na iliyoshindwa inashonwa.

Nayajua hayo kwa sababu yalitupata. Wiki ya tisa, usiku, aligonga mlango wangu. Hakuwa amekamatwa na mtu, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alisimama kizingitini ameshika simu kwa mikono miwili, akasema, “Dada, timu ya pili imenichania.”

Nikapanda kwenye kiti, nikashusha sufuria.